Tuuziwe kwa Sentimita

Mnunuzi mzoefu wa suruali katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii haanzi na lebo. Huifunga kifungo, hukinyoosha kiuno cha suruali kikawa bapa, kisha hukizungusha shingoni mwake. Ncha mbili zikikutana bila kuvutwa, anajua itamkaa. Mzazi aliyetoka Nyamira kutafuta viatu vya mtoto mara nyingi huwa amebeba uzi au kijiti alichokikata nyumbani kwa urefu wa mguu wa mtoto huyo, naye hukisukuma ndani ya kila kiatu anachoonyeshwa. Anayenunua soksi huizungushia ngumi. Njia hizi zimeenea kote Gusii, na nje ya Gusii pia, na asiyezijua huenda akazidharau. Mimi naziheshimu. Zimetokana na uzoefu wa muda mrefu wa watu walioziamini namba zilizoandikwa kwenye nguo, wakafika nyumbani Nyamache, Marani au Borabu na kugundua kwamba blauzi mbili zenye namba moja zinapishana kwa upana wa kiganja. Wamefanya vyema kutoiamini lebo. Ninachopinga ni kwamba wameachwa peke yao na uzi na shingo, katika karne ambayo kipimo cha uhakika kinapatikana kwa bei ya utepe wa fundi. Nguo na viatu viuzwe kwa sentimita. Sioni sababu ya kutosha ya kuendelea kufanya vinginevyo, na zile zinazotolewa nitazijibu moja baada ya nyingine.

Tuanze na kiatu, kwa kuwa hakina msamaha. Namba za Uingereza, ambazo ndizo Wakenya wengi huzitaja dukani, hupanda kwa hatua ya thuluthi moja ya inchi, yaani takriban milimita 8.5. Hatua hiyo ilitokana na urefu wa punje ya shayiri, kipimo cha Waingereza wa kale. Namba za Ulaya bara hupanda kwa thuluthi mbili za sentimita, takriban milimita 6.7. Ngazi mbili zenye hatua tofauti haziwezi kukutana kila kidato, na ndiyo maana kampuni moja husema saizi 7 ni sawa na 41 na nyingine ikasema ni 40 na ushei. Wamarekani wanatumia hatua ileile ya Waingereza lakini wanaanzia mahali pengine, tena wana hesabu moja ya wanaume na nyingine ya wanawake: kiatu cha kike kilichoandikwa 8 kule Marekani kinakaribia 6 ya Uingereza. Tofauti ya namba mbili ni karibu milimita 17, na hizo zinatosha kuigeuza safari ya kutembea kutoka Suneka hadi mjini kuwa adhabu. Isitoshe, namba ya Ulaya haiuhesabu mguu wa mtu. Inahesabu kalibu, lile umbo ambalo kiatu hushonewa juu yake. Kiatu namba 42 kimetokana na kalibu ya sentimita 28, ilhali mguu unaokusudiwa kuingia humo una urefu wa takriban sentimita 26 na nusu. Hakuna mahali katika soko la Keroka au la Miruka ambapo mnunuzi anaelezwa haya. Anaambiwa tu, "Hii ni saba, mama, jaribu."

Kwa watoto hali ni mbaya zaidi. Hesabu ya Uingereza huanzia inchi nne, hupanda hadi 13, kisha badala ya kwenda 14 inarudi kwenye 1 na kuanza upya. Kwa hiyo saizi 2 yaweza kuwa kiatu cha mtoto mchanga, na yaweza kuwa cha mwanafunzi wa miaka kama kumi. Mzazi anayemtuma jirani mjini kwa maneno tu, "niletee saizi mbili", anacheza bahati nasibu bila kujua. Uzi aliokata nyumbani una akili kuliko namba hiyo. Kusema kweli, uzi ule ni ndugu wa karibu wa utaratibu wa kimataifa uitwao Mondopoint, uliowekwa katika kiwango cha ISO 9407, ambao hutaja urefu na upana wa mguu kwa milimita na hutumika katika viatu vya wanajeshi wa nchi nyingi. Wajapani hununua viatu kwa sentimita na Wakorea kwa milimita, na hakuna aliyewahi kuwaona wakirudi kwenye punje ya shayiri. Uzi una kasoro mbili tu. Hausemi lolote kuhusu upana, na haukumbushi kwamba vidole vinahitaji nafasi. Kiatu ambacho uzi umekijaza kutoka kisigino hadi ncha tayari ni kidogo, kwa sababu panahitajika kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Kwa mtoto anayeteremka kila asubuhi kutoka vilima vya Manga au Kiabonyoru, sentimita hiyo si anasa: mguu husukumwa mbele kila hatua ya mteremko, na kucha ndizo zinazoupokea uzito. Naye aliyenunuliwa kiatu kikubwa kupita kiasi kwa matumaini kwamba atakua nacho, mguu wake huteleza ndani, kisigino huchubuka, na msimu wa mvua kiatu hubaki kwenye matope.

Namba za nguo za wanawake zina historia yenye kusikitisha zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja kwa vipimo 59, ili watengenezaji wa nguo wapate msingi wa saizi. Ripoti ya Ruth O'Brien na William Shelton ilitoka mwaka wa 1941, na vipimo vya wanawake wasio Wazungu havikuingizwa katika matokeo. Juu ya msingi huo serikali ya Marekani ilitangaza kiwango cha saizi mwaka wa 1958, ikakirekebisha mwaka wa 1970, na mwaka wa 1983 ikakifuta kabisa. Tangu hapo kila kampuni imekuwa ikijiamulia. Katika kiwango cha 1958, saizi 8 ilikuwa ya mwanamke mwenye kifua cha inchi 31. Leo namba hiyohiyo mara nyingi hupita inchi 35, kwa kuwa wauzaji waligundua kwamba mteja hufurahi akiambiwa ni mdogo. Uingereza ina 12 yake, ambayo Ujerumani huiita 38, Ufaransa 40 na Italia 44. Sasa mfikirie mwanamke wa Kebirigo anayesimama mbele ya rundo la magauni, yote yakitoka katika nchi hizi kwa pamoja. Akilalamika kwamba suruali iliyomtosha nyonga inamwachia pengo kiunoni, huambiwa mwili wake una shida. Mwili wake hauna shida yoyote. Namba ile ilibuniwa bila yeye wala mwenziwe kuhesabiwa.

Mchanganyiko huo una chanzo kinachojulikana. Katika miaka ya 1980 Kenya ilizuia nguo zilizotumika ili kuvilinda viwanda vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ilifunguliwa, na viwanda kama Kicomi cha Kisumu, jirani wa karibu wa Gusii katika biashara ya vitambaa, vikaanguka katika muongo huohuo. Leo mitumba hutoka Uingereza, Ulaya bara, Marekani, Kanada na, kwa wingi unaoongezeka, China. Inakuja katika marobota ambayo kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 45, yaliyopangwa kwa aina: mashati ya wanaume, magauni, jinzi, nguo za watoto. Hayakupangwa kwa saizi. Mfanyabiashara wa Daraja Mbili analipia robota lililofungwa, analifungua, na kinachotoka ndicho alichojaliwa. Zile bora, zinazoitwa kamera, huchukuliwa mapema na wanaojua. Za mwisho, fagia, huuzwa kwa rundo. Hivyo muuza mitumba mwenyewe ni mnunuzi aliyefumbwa macho, na sitaki hoja yangu isomwe kama lawama juu yake. Yeye na mteja wake wako upande mmoja wa tatizo. Kila dakika anayoitumia kumshikia mteja wa tisa suruali isiyomtosha ni dakika ambayo mteja wa kumi, ambaye ingemkaa, amepita bila kuitiwa.

Gharama ya kukosea saizi haionekani kwa sababu imesambaa kidogokidogo katika nyumba nyingi. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Wengi wao hununua nguo na viatu kwa pesa za majani chai, ndizi au parachichi, zinazoingia kwa vipindi na kuisha upesi. Aliyenunua kiatu kisichofaa hulipa nauli mara ya pili, na akifika dukani huonyeshwa maneno yaliyochapwa chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kiatu hicho basi hupewa mdogo wake, au hukaa juu ya kabati. Mchuma chai wa Nyansiongo aliyenunua gambuti pana kuliko mguu wake hujaza soksi mbili, na jioni miguu imelowa jasho na kuchubuka. Mtu mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuvaa kiatu kinachobana kutwa nzima bila kusikia maumivu, akagundua kidonda usiku, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa kama huyo chaweza kuishia katika kukatwa mguu. Hapo neno saizi halihusu tena urembo.

Jibu la kwanza ambalo mtu wa Gusii atanipa ni kwamba fundi yupo. Ni kweli, na mafundi wa cherehani wanaokaa kwenye baraza za maduka mjini Kisii, Ogembo na Nyamira wanastahili sifa kubwa kuliko wanazopewa. Wanapunguza kiuno, wanakata mguu wa suruali, wanageuza gauni la mtu mnene kuwa sketi ya binti. Lakini kazi ya fundi inakwenda upande mmoja. Anaweza kupunguza, kuongeza hawezi, kwa sababu nguo za viwandani huachiwa pindo jembamba sana kwenye mishono, mara nyingi lisilozidi sentimita moja, ili kitambaa kisipotee. Bega la koti likikosea, fundi mwaminifu atakwambia lirudishe. Kiatu ndicho kabisa: mshona viatu anaweza kukilegeza upana kidogo, ila urefu hauongezwi na mtu yeyote. Tena malipo ya fundi ni bei ya pili ya nguo ileile, na hakuna anayeihesabu anaposema kwamba mitumba ni rahisi. Fundi mwenyewe ni shahidi wangu mzuri katika hoja hii. Mteja anapokuja kushonewa sare, fundi hamwulizi yeye ni saizi gani. Humzungushia utepe, huandika kifua, kiuno, nyonga, urefu, na nguo humtosha. Mtengenezaji wa akala naye huuweka mguu wa mteja juu ya kipande cha tairi kabla ya kukata. Kitambaa chenyewe huuzwa kwa mita katika kila duka la mji. Cha ajabu ni kwamba kitambaa kilichouzwa kwa mita kikishakatwa na kushonwa hupoteza vipimo vyake vyote na kugeuka kuwa herufi moja, L.

Wapo watakaosema mnunuzi ajaribu tu, na asiyeridhika asinunue. Hoja hii inapendeza kwa aliye na duka lenye chumba na pazia. Soko la wazi halina. Mwanamume anaweza kuvaa koti juu ya shati lake mbele ya watu, lakini mwanamke anayetaka kujua kama gauni litapita nyonga hana budi kulivaa juu ya nguo alizo nazo, akiwa amezungushiwa leso na muuzaji, huku wapita njia wakitazama na mara nyingine wakitoa maoni. Wengi hawakubali, na wanayo haki ya kutokubali. Mwenye umbo kubwa ndiye huumia zaidi: hata kabla hajagusa nguo, huambiwa kwa sauti kwamba yake hapo hakuna. Mwanamke mwenye mguu mrefu huelekezwa kwenye viatu vya wanaume bila kuulizwa. Nguo ingekuwa na karatasi iliyoandikwa "nyonga 112", angeisoma kimya, akaamua mwenyewe kama aendelee au apite. Namna ya shingoni nayo ina mipaka yake. Inategemea kwamba kiuno cha mtu ni mara mbili ya shingo yake, jambo linalowafaa vijana wengi na kuwaangusha wazee, kina mama waliojifungua karibuni na yeyote ambaye tumbo limeongezeka na shingo ikabaki vilevile.

Kuna wanaoamini kwamba watu wetu hawana haja ya usahihi wa aina hii, kwamba soko lina mila yake ya kukadiria na kuelewana. Anayesema hivyo hajasimama katika kituo cha kununulia majani chai. Mkulima wa eneo la kiwanda cha Sanganyi au Kebirigo huitazama mizani hadi tarakimu ya mwisho, huilinganisha na risiti yake, na akiona nusu kilo imepotea hufungua mdomo mara moja. Mama anayenunua mahindi kwa gorogoro hulitazama bati lile chini kama limebonyezwa kwa ndani. Watu hawa wamekuwa wakidai vipimo vya haki miaka yote, kwa sababu wanajua kwamba pasipo na kipimo, hasara humwangukia mnyonge. Kwenye nguo hawajadai kwa kuwa namba iliyoandikwa hufanana na kipimo. Ina tarakimu, imechapwa kiwandani, inatoka nje. Ukiitazama vizuri haipimi kitu. Mwambie mkulima kwamba majani yake leo ni "wastani" na kesho "makubwa kidogo", uone kama atakubali kulipwa hivyo.

Pingamizi linalostahili kusikilizwa kwa makini ni la mfanyabiashara mdogo. Atauliza: nguo mia mbili za robota moja nizipime lini, na nani atanilipa? Ni swali la haki. Sehemu ya jibu ni kwamba kipimo tayari kimo ndani ya bidhaa nyingi, ila hatujazoea kukisoma. Viatu vingi vya michezo huwa na kibandiko ndani ya ulimi wake chenye namba za Marekani, Uingereza na Ulaya, na kando yake namba nyingine kama 26 au 26.5. Hiyo ya mwisho ni sentimita, na inahusu mguu. Ndiyo pekee kati ya zote ambayo mzazi mwenye uzi anaweza kuitumia bila mkalimani, naye huiruka. Nguo nyingi za China zina herufi M au XL shingoni, na ndani ubavuni pana maandishi kama 170/88A. Maana yake ni mtu wa urefu wa sentimita 170, mwenye kifua cha sentimita 88, na A inaeleza tofauti kati ya kifua na kiuno chake. XL ya nguo kama hizo huwashangaza wengi kwa udogo wake, lakini 170/88A haijawahi kumdanganya mtu. Muuzaji akijifunza kusoma alama hizi mbili tu, kazi ya kupima itapungua sana. Kwa zilizobaki, kupima kiuno cha suruali na urefu wake hakuchukui muda mrefu kuliko kuikunja. Aandike kwa chaki juu ya kipande cha boksi, au apange suruali kwenye kamba kwa mafungu ya kiuno, ya 70 upande huu na ya 90 upande ule. Atakayeanza atauza haraka kuliko jirani yake, na jirani atamfuata bila kushurutishwa.

Wengine watasema sentimita nazo hazitoshi, kwa sababu kiuno cha 80 chaweza kuwa cha mtu mfupi mwenye nyonga pana au mrefu mwembamba, na kitambaa kinachovutika kina tabia yake. Nakubali. Hakuna tarakimu moja inayoweza kuueleza mwili wa mtu, na sijadai hivyo. Ninachodai ni kwamba tarakimu mbili au tatu za kweli zinamsaidia mnunuzi kuondoa vipande tisini katika mia kabla hajaanza kuvaa, na mkono na jicho vifanye kazi iliyobaki. Kwa hiyo suruali itajwe kwa kiuno, nyonga na urefu wa ndani wa mguu. Blauzi kwa kifua na urefu. Kiatu kwa urefu wa mguu na, inapowezekana, upana. Ni kweli pia kwamba maelezo hayaleti bidhaa ambayo haimo ndani ya robota. Mwanamume wa mguu wa sentimita 30 bado atatafuta sana. Ila angalau atajua kwa swali moja kama yupo muuzaji anayemfaa, na muuzaji ambaye ameanza kuandika saizi anazoulizwa na kuzikosa ana la kumwambia msambazaji wake wa soko la Gikomba, Nairobi.

Upo pia upande unaosema tiba ni kuachana na mitumba, tushone zetu, na saizi zitajirekebisha zenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba uingizaji wa mitumba ukome kufikia 2019. Kenya ilijiondoa katika mpango huo, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa na Marekani nafuu ya ushuru wa mavazi mwaka wa 2018. Machi 2020 Kenya ilizuia mitumba kwa ajili ya Korona, na Agosti ikairuhusu tena. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote juu ya sera hiyo, lakini swali la saizi halijibiwi nayo. Viwanda vya Athi River, chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa nafuu ya ushuru ulioanza mwaka wa 2000, vimeshona suruali nyingi kwa mikono ya Wakenya, kwa vipimo na namba za Marekani. Kushonea nguo hapa hakujawahi kumaanisha kumshonea mtu wa hapa. Bila desturi ya kuandika vipimo, kiwanda kitakachofunguliwa Kisii kesho kitatoa S, M na L zake kwa kubahatisha, na mnunuzi atarudi kuizungusha shingoni.

Sheria inamruhusu mnunuzi kudai zaidi ya hapo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na anachonunua, pamoja na kulindwa kwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa mwaka wa 2012. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lipo tangu mwaka wa 1974, na tayari lina masharti juu ya mitumba: nguo za ndani zilizotumika, kwa mfano, haziruhusiwi kuingizwa. Ikiwa mamlaka inaweza kusema kipi kisiuzwe, inaweza pia kusema kiatu kipya na nguo mpya vitaje sentimita waziwazi, popote vilipotengenezwa. Jedwali la Nne la Katiba, kwa upande wake, limezipa kaunti masoko, leseni za biashara na usimamizi wa biashara ya haki. Mji wa Keroka umekatwa na mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti hizi mbili zimezozana kwa miaka kuhusu ni nani akusanye ushuru pale. Ingefaa zishindane pia katika kumhudumia anayelipa ushuru huo. Ubao wa kupimia mguu uliowekwa penye lango la soko, mfano wa kifaa alichokibuni Charles Brannock kule Syracuse, Marekani, katika miaka ya 1920, unaweza kuchongwa na seremala yeyote wa Gusii: mbao mbili, kizuizi cha kisigino, na rula iliyochorwa. Vibanda viwili vyenye pazia kwa ajili ya wanawake kujaribu nguo vinagharimu kidogo kuliko mabango ya kuwakaribisha wageni mjini.

Haraka ya jambo hili inaongezeka kwa sababu ununuzi unahamia kwenye simu. Muuzaji wa Nairobi huweka picha kwenye Facebook au TikTok, mnunuzi wa Ikonge hutuma pesa kwa M-Pesa, na kifurushi hupanda matatu. Hapa hakuna shingo wala uzi. Kuna picha tu, na maelezo ya "inatosha 10 hadi 14" au "saizi ya wote". Nguo isipomkaa, gharama ya kuirudisha hukaribia bei yake, na wengi hukata tamaa. Mnunuzi anayo silaha moja: kuomba vipimo kabla ya kulipa. Muulize muuzaji aitandaze nguo mezani, apime kutoka kwapa hadi kwapa na kuvuka kiuno, akutumie picha ya utepe ukiwa juu ya nguo. Zidisha mara mbili, ulinganishe na nguo uliyo nayo nyumbani inayokukaa vizuri. Anayekataa kufanya hivyo amekwishakujibu.

Kama panahitajika mahali pa kuanzia, paanziwe na sare na viatu vya shule, kwa kuwa humo wanunuzi ni wengi, bidhaa ni mpya, na shule yenyewe hutaja rangi na mtindo lakini husahau vipimo. Sweta za watoto huuzwa kwa namba za 24, 26, 28, ambazo asili yake ni inchi za kifua, ila washonaji hawajakubaliana kama inchi hizo ni za mwili au za sweta yenyewe. Bodi ya shule inaweza kumwambia anayetaka kuwauzia wazazi wake sare kwamba kila sweta itaje kifua cha mtoto kwa sentimita, na kila kiatu urefu wa mguu. Walimu wanaofundisha vipimo katika somo la Hisabati wanaweza kuwapima wanafunzi wote miguu na vifua wiki moja kabla ya kufunga shule mwishoni mwa mwaka, na kila mtoto akaenda nyumbani na vipimo vyake vimeandikwa kwenye karatasi ya ripoti, chini ya alama. Mzazi wa Magombo au Nyamache aende sokoni Januari na karatasi hiyo, na akiambiwa "hii ni saizi ya darasa la nne", aulize ni sentimita ngapi.